Uwezo wa damu kubeba chuma umeandikwa kuwa juu: je, ni habari njema au mbaya?

Mwalimu wa Umoja

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mnisaidie kusoma karatasi ya maabara ambayo nimeitazama kwa siku nne bila kuielewa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 38, na ninaishi Umoja, hapa Nairobi. Darasa langu liko orofa ya tatu, na tangu muhula huu uanze imenibidi kusimama mara mbili kila ninapopanda ngazi, nikijifanya nawasubiri wanafunzi walio nyuma, kumbe moyo unanidunda na miguu imekataa.

Miezi miwili iliyopita nilipimwa katika kliniki moja ndogo ya mtaani. Niliambiwa kwamba chuma katika damu yangu ni 41, na kwamba kipimo cha pili, kilichoandikwa kwa herufi TIBC, ni 430. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu na sikuelezwa lolote zaidi. Wiki iliyopita nilikwenda katika maabara nyingine baada ya kutoka kazini, nikapimwa tena. Sasa karatasi inasema chuma ni 5.4 na kando yake pana herufi L, yaani kiko chini, na TIBC ni 82 na kando yake pana herufi H, yaani iko juu. Himoglobini ni 10.4, na ukubwa wa chembe nyekundu umeandikwa 71.

Nilipouliza pale dirishani maana ya TIBC, niliambiwa ni uwezo wa jumla wa damu kubeba chuma. Kwa kweli nilifarijika kidogo, kwa maana niliona kwamba ingawa chuma ni kidogo, angalau uwezo wa kukibeba uko juu. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kuogopa: imekuwaje chuma kishuke kutoka 41 hadi 5.4 na huku ninameza vidonge kila siku? Na kama uwezo ni mkubwa, kwa nini nachoka hivi? Tafadhali anayejua anieleze kwa utaratibu, kwa sababu daktari nitamwona wiki ijayo tu.

Mama Kunde

Pole sana, mwalimu wetu. Mimi nilipungukiwa na damu baada ya kujifungua mtoto wa tatu, na kilichonisaidia ni juisi ya biti-ruti kila asubuhi kwa mwezi mzima, pamoja na mboga za terere na managu. Yale maji mekundu yanajenga damu haraka sana. Usikate tamaa, dada.

Mpimaji wa Maabara

Mwalimu, pole kwa uchovu, na pole pia kwa kupewa karatasi bila maelezo. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 17, na ninajua kwamba karatasi hizi huandikwa kwa ajili ya daktari zaidi kuliko kwa ajili ya mwenye damu.

Nitaanza na hofu yako ya kwamba chuma kimeporomoka, kwa sababu hiyo inaondoka kwa hesabu tu. Maabara ya kwanza ilitumia mikrogramu kwa desilita, na ya pili ilitumia mikromoli kwa lita. Ukitazama kwa makini utayaona maandishi hayo madogo upande wa kulia wa tarakimu. Ili uyalinganishe, gawanya matokeo ya kwanza kwa 5.6 hivi. Ile 41 inakuwa 7.3, na ile 430 inakuwa 77. Kwa hiyo chuma chako kilitoka 7.3 hadi 5.4, na TIBC ilitoka 77 hadi 82. Mimi nisingejenga hoja kubwa juu ya tofauti hiyo, hasa kwa upande wa chuma, kwa kuwa kiwango chake hupanda na kushuka ndani ya siku moja hata kwa mtu mwenye afya njema. Tena maabara hazitumii njia moja ya kupima.

Sasa tuje kwenye TIBC, ambayo ndiyo imekuchanganya, na si wewe peke yako, kwa maana jina lenyewe linapotosha. Chuma hakitembei peke yake katika damu, kwa sababu chuma kilicho huru huziumiza seli. Ini hutengeneza protini iitwayo transferini ambayo kazi yake ni kukishika chuma na kukipeleka kinakohitajika, hasa katika uboho wa mifupa, na kila molekuli ya transferini ina nafasi mbili za kukishika. Fikiria matatu ya viti 14. Kipimo cha chuma huhesabu abiria walioketi. TIBC haihesabu abiria. Inahesabu viti vyote, vilivyokaliwa na vilivyo wazi. Na hapa ndipo penye jambo la kulielewa vizuri: akiba ya chuma mwilini inapopungua, ini huongeza transferini, kana kwamba magari yanaongezwa barabarani kuwatafuta abiria ambao hawapo. Hiyo H iliyo kando ya 82 inasema kwamba viti vimeongezwa kwa sababu abiria wamekosekana. Si sifa ya damu yako, mwalimu. Ni kilio chake.

Ndiyo maana sisi tuliozoea karatasi hizi hatutazami chuma peke yake wala TIBC peke yake, bali tunagawanya cha kwanza kwa cha pili na kuzidisha kwa 100. Kwako ni 5.4 kwa 82, yaani asilimia 6.6. Katika gari letu la viti 14, ameketi abiria mmoja tu. Kwa mtu mzima mwenye afya asilimia hiyo huwa kati ya 20 na 45 hivi, na ikishuka chini ya 16 uboho huanza kukosa chuma cha kutosha kutengenezea himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Viwango vya kawaida vya chuma huwa karibu 10 hadi 30, na vya TIBC karibu 45 hadi 72, vyote kwa mikromoli kwa lita, lakini ufuate vilivyochapishwa kwenye karatasi yako mwenyewe.

Niseme pia jinsi tunavyokipata kipimo hiki, kwa sababu ukijua utaelewa kwa nini maabara mbili hazilingani sawasawa. Damu yako ilipochukuliwa, bila shaka uliona chupa mbili. Ile yenye mfuniko wa zambarau ni ya himoglobini na chembe. Ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo yenyewe hushika chuma, kwa hiyo hatuwezi kuitumia kwa kipimo hiki. Ile ya pili, yenye mfuniko mwekundu au wa manjano, tunaiacha isimame kwa nusu saa hivi hadi damu igande, kisha tunaizungusha katika mashine. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu, kama majani makavu; hayo ndiyo seramu. Yakitokea mekundu tunajua chembe zimepasuka, labda kwa sababu ya kuvuta sindano kwa nguvu, na tunaomba damu nyingine. Baada ya hapo, kwa njia ya zamani, tunaongeza chuma kingi katika seramu hadi kila kiti kijae, tunaondoa kile kilichokosa nafasi, na tunapima kilichoshikwa. Mashine nyingi za siku hizi hupima viti vilivyo wazi peke yake kisha hujumlisha na chuma kilichokuwapo. Nyingine hupima transferini kwa gramu kwa lita na kuzidisha kwa 25 hivi. Njia zote ni halali, ila hazitoi tarakimu ileile.

Nina maswali mawili kwako. Uliandika kwamba ulikwenda maabara baada ya kazi. Je, siku hiyo ulikuwa umemeza kidonge cha chuma? Kidonge humiminika katika damu kwa saa kadhaa na kupandisha kipimo cha chuma, kwa hiyo hata hiyo 5.4 inaweza kuwa imepambwa. Ukirudia, nenda asubuhi kabla ya kula, na uache kidonge kwa saa 24 kabla ya kutolewa damu. Swali la pili ni feritini: je, imepimwa? Transferini ni gari, lakini feritini ni ghala, na kipimo chake katika damu hutuonyesha ghala lina nini.

Mwana wa Mzee

Samahani kwa kuingilia, lakini maelezo haya ya mpimaji yamenigusa. Baba yangu ana miaka 71, anaishi Kangemi, na ana ugonjwa wa figo wa muda mrefu, ingawa hajaanza kusafishwa damu. Karatasi yake inasema chuma ni 6, karibu sawa na cha mwalimu. Lakini TIBC yake ni 38 na imewekewa herufi L, na feritini ni 310. Nikifanya hesabu ile napata asilimia 16. Kama chuma kikipungua ini huongeza magari, mbona kwa mzee magari yamepunguzwa? Nilikuwa nimekwisha kumnunulia vidonge vya chuma kwenye duka la dawa, na sasa sijui kama nimpe.

Tabibu wa Eastlands

Nimefurahi kuona swali la Mwana wa Mzee likikaa kando ya la mwalimu, kwa sababu hizi ni karatasi mbili zenye chuma kilekile kidogo na maana zisizofanana, na ni TIBC inayozitofautisha.

Kwa mzee, kaka, chuma kinaweza kuwapo mwilini lakini kimefungiwa. Ini hutengeneza homoni inayoitwa hepsidini, iliyotambuliwa na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo yenye ufunguo wa ghala. Mwili unapopambana na maradhi ya muda mrefu, iwe ni kifua kikuu, baridi yabisi, saratani au ugonjwa wa figo, hepsidini hupanda. Chuma hakitoki ghalani, na utumbo nao haukipokei vizuri kutoka katika chakula. Wakati huohuo ini hupunguza kutengeneza transferini. Ndiyo maana unaona chuma kidogo, TIBC ndogo na feritini kubwa kwa pamoja. Tena figo zenyewe hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, na figo zikidhoofika amri hiyo hupungua. Usimpe vidonge ulivyonunua kabla ya kuzungumza na daktari wake wa figo. Hili silisemi kwa sababu hawezi kuhitaji chuma. Wagonjwa wa figo wengi hukihitaji, na mara nyingine hupewa kwa mshipa, ila kwao feritini husomwa kwa mizani tofauti. Feritini ya 80 kwa kijana mzima ni ya kutosha, na kwa mgonjwa wa figo inaweza kuhesabiwa kuwa upungufu. Mpelekee daktari karatasi nzima, na umuulize maana ya hiyo asilimia 16.

Yapo mambo mengine yanayoshusha TIBC bila kuhusiana na chuma: ini lenye ugonjwa, kwa kuwa ndilo kiwanda cha transferini; utapiamlo; na figo zinazovujisha protini kwenye mkojo. Vilevile ujauzito na baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi huipandisha. Mwalimu, utanisamehe kwa kuuliza hadharani, lakini jibu la mambo hayo mawili mpe daktari wako hata usipolitoa hapa.

Sasa nirudi kwako. Chuma kidogo, TIBC kubwa, asilimia 6.6, chembe ndogo za 71 ilhali kawaida ni 80 hadi 100: picha hii inaelekea kwenye upungufu wa chuma wa kweli, na feritini ndiyo itakayothibitisha. Shirika la Afya Duniani huhesabu feritini iliyo chini ya 15 kwa mtu mzima kuwa ghala tupu, ingawa madaktari wengi huanza kushuku mapema zaidi, ikiwa chini ya 30. Kama una homa au maambukizo, feritini hupanda kwa uongo, na ndiyo sababu shirika hilo hutumia kikomo cha 70 kwa watu wazima walio na maambukizo. Usipimwe ukiwa na mafua makali, kisha ukafurahia tarakimu isiyo yako. Jambo jingine ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu oksijeni ni haba, kwa hiyo mwili huhitaji himoglobini zaidi kuliko Mombasa. Kikomo cha 12 kwa mwanamke asiye mjamzito kimewekwa kwa watu wa nchi za chini, na huongezwa kwa wanaoishi miinukoni. Hiyo 10.4 yako, kwa mtu wa Umoja, ni ya chini kuliko inavyoonekana.

Mama Kunde ameshauri kwa moyo mwema, na terere na managu ninayaunga mkono kabisa. Biti-ruti, hata hivyo, ni nyekundu kwa sababu ya rangi yake ya mmea. Chuma kilichomo ni kidogo, chini ya miligramu moja katika gramu 100. Maini, nyama na dagaa hutoa chuma kinachopokelewa vizuri zaidi, na maharagwe na mboga huwa na faida kubwa ukila pamoja na chungwa, pilipili hoho au nyanya mbichi. Kikwazo chetu kikubwa ni chai. Ukinywa chai na chakula, au mbaya zaidi ukimezea kidonge, sehemu kubwa ya chuma hukamatwa humo tumboni na kutolewa nje. Acha angalau saa moja kati ya chai na kidonge, na usimeze pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia. Unga wa viwandani umekuwa ukiongezwa chuma kwa mujibu wa sheria ya Kenya tangu 2012, na hilo ni jambo jema, lakini halitoshi kumjaza mtu ambaye ghala lake limekauka.

Hata hivyo, mwalimu, ukinisikiliza neno moja tu katika haya yote, basi liwe hili: upungufu wa chuma si jina la ugonjwa unaoishia hapo, ni matokeo ya kitu. Kwa mwanamke wa umri wako swali la kwanza ni hedhi. Inachukua siku ngapi? Je, hulazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au kuamka usiku kwa ajili hiyo? Kuna mabonge ya damu? Swali la pili ni tumbo: maumivu ya vidonda, dawa za maumivu unazomeza mara kwa mara, choo cheusi kabla hujaanza vidonge, kwa kuwa vidonge vyenyewe hufanya choo kuwa cheusi. La tatu ni minyoo ya safura, hasa kama ulikulia au huenda mashambani pekupeku. Na la nne, ambalo wanawake wengi huona haya kulitaja: je, unatafuna odowa, ule udongo mgumu unaouzwa sokoni?

Kuhusu vidonge vyenyewe, kile cha kawaida cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65 hivi. Kimoja kwa siku huwatosha wengi, na tafiti zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya wanawake kumeza siku moja na kuacha moja hupokelewa vizuri, kwa sababu kila dozi huamsha hepsidini kwa siku nzima. Usibadilishe mwenyewe, zungumza na daktari. Na kwa kuwa uko karibu na watoto, vidonge hivyo viwekwe juu, mahali penye kufuli. Vingine vina rangi na utamu wa peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua.

Mwalimu wa Umoja

Nawashukuru nyote, na Mama Kunde nakushukuru pia, kwa sababu ulikuwa wa kwanza kunitia moyo.

Nitajibu kwa uwazi, kwani sikuja hapa kujificha. Ndiyo, siku ya kupimwa nilikuwa nimemeza kidonge saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, na nilikimeza kwa chai ya maziwa, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku kwa miezi miwili. Damu ilitolewa saa kumi jioni. Hakuna aliyeniuliza. Mimi si mjamzito wala situmii vidonge vya kupanga uzazi. Hedhi yangu huchukua siku nane, na siku tatu za kwanza hubadilisha pedi kila kipindi cha somo kinapoisha; nilidhani ni urithi, kwa kuwa mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Na odowa, ndiyo, Tabibu. Ninanunua soko la Mutindwa, vipande vya shilingi kumi, na mkobani mwangu hakikosekani kimoja. Harufu yake tu, ile ya mvua ikigonga vumbi, hunijaza mate. Mume wangu hajui.

Tabibu wa Eastlands

Asante kwa ukweli wako, mwalimu. Hamu ya kutafuna udongo ni jambo linaloandamana na upungufu wa chuma mara nyingi sana, na kwa wengi huondoka chuma kinaporudi, bila kupigana nayo. Huna sababu ya kuona aibu, ila jaribu kuuacha, kwa sababu udongo nao unaweza kuzuia chuma kisipokelewe na unaweza kukuletea minyoo. Hedhi ya namna hiyo inastahili kuchunguzwa. Omba upigwe picha ya kizazi, na umwambie daktari kila ulichotuambia hapa, hasa pedi na vipindi vya somo, kwa sababu maelezo ya aina hiyo humsaidia kuliko neno «nyingi».

Mwalimu wa Umoja

Ndugu zangu, zimepita wiki sita na nimeona ni haki niwarudishie habari. Feritini ilipimwa asubuhi, kabla ya kula, na ilikuwa 6. Picha ilionyesha uvimbe mmoja kwenye kizazi, ambao daktari amesema si saratani lakini ndio unaozidisha damu, na nimepewa dawa ya kuipunguza huku tukisubiri uamuzi wa baadaye. Vidonge nameza saa kumi na mbili asubuhi kwa maji na nusu chungwa, na chai nimeisogeza hadi saa nne. Juzi himoglobini ilikuwa 11.9. Ngazi nazipanda nikisimama mara moja tu, na siku nyingine sisimami kabisa. Odowa sijanunua kwa siku 19, na sikuihesabu kama vita; nilijikuta tu nimeipita pale sokoni.

Kinachonitatiza ni kwamba TIBC bado ni 74 na bado ina H. Je, dawa haifanyi kazi?

Mpimaji wa Maabara

Inafanya kazi, mwalimu, na karatasi yako inaonyesha hivyo. Chuma unachomeza hakiendi ghalani kwanza. Uboho hukichukua mara tu kinapofika, ukitengeneza himoglobini, na ndiyo maana himoglobini imepanda ilhali viti vingi bado viko wazi. TIBC itashuka polepole kadiri ghala linavyojaa na ini linavyopunguza transferini. Kutoka 82 hadi 74 kwa wiki sita ni mwendo mzuri.

Usiache vidonge siku himoglobini itakapofika kiwango cha kawaida. Desturi ni kuendelea kwa miezi mitatu hivi baada ya hapo, kwa agizo la daktari, kisha kupima feritini. Utakaporudi, nenda maabara ileile, asubuhi, ukiwa umeacha kidonge tangu asubuhi ya jana yake, na uwaambie wanaokutoa damu kwamba uko kwenye dawa ya chuma, hata wasipokuuliza.